Tovuti mpya Kamanyola: viongezo vinne vinatosha

KAMANYOLA. Barabara ya kitaifa namba 5 inatoka Bukavu, inateremka Ngomo, inafika Kamanyola, kisha inashika bonde la Ruzizi kuelekea Luvungi, Sange na Uvira. Ng'ambo ya mto ni Bugarama, nchini Rwanda. Kwenye njia panda kama hii habari hazikosi: bei ya muhogo na nyanya sokoni, magari yaliyokwama Ngomo, mpaka uliofungwa ao uliofunguliwa. Kijana anayetaka kuandika habari hizo kwa utaratibu, na kuzihifadhi miaka mingi, anafanya vizuri kuwa na tovuti yake mwenyewe. Ukurasa wa Facebook ni nyumba ya kupanga: siku mwenye nyumba anapofunga mlango, maandishi yako yote yanabaki ndani.

Lakini nyumba yako mwenyewe iko na kazi zake. Na kazi ya kwanza, pale ambapo wengi wanaharibu, ni kuchagua viongezo.

Kiongezo ni nini?

Wengi wanaofungua tovuti yao wanatumia WordPress. Programu yenyewe ni ya bure. Kinacholipiwa ni jina la tovuti, kwa mfano lenye kuishia na .cd ya nchi yetu, pamoja na nafasi kwenye kompyuta ya kampuni inayoiweka hewani usiku na mchana. WordPress ilitoka tarehe 27 Mei 2003. Mmarekani Matt Mullenweg na Mwingereza Mike Little walichukua programu ya Mfaransa Michel Valdrighi, iliyokuwa haiendelezwi tena, wakaijenga upya. Leo, kwa kila tovuti 100 duniani, zaidi ya 40 zinatumia WordPress.

Tangu Mei 2004 programu hiyo inakubali viongezo, vile ambavyo vijana wanaita plagini. Ni vipande vya programu vinavyopachikwa juu ya ile ya kwanza, sawa na mtu anavyofunga keria kwenye baiskeli. Kimoja kinatunza nakala, kingine kinaleta fomu, kingine kinapamba picha. Orodha rasmi iko na viongezo zaidi ya elfu 50 vya bure, na kila kimoja kinapachikwa kwa kubonyeza mara mbili. Njo maana mtu anaanza na vitatu, wiki inayofuata ako na 25.

Bure kwako, msomaji analipa

Viongezo vingi, hasa vya mapambo na vya kuhesabu wageni, vinaongeza mzigo kwenye kila ukurasa unaofunguliwa. Mwenye tovuti haoni, juu alijaribu kwenye mtandao mzuri wa Bukavu. Anayeona ni msomaji wa Kamanyola ao wa Luvungi, mwenye simu ndogo ya Android na forfe ya mega chache.

Tufanye hesabu. Msomaji ako na mega 100. Kama ukurasa wako una uzito wa mega 4, atafungua kurasa 25, forfe imekwisha. Kama una uzito wa kilobaiti 400, yaani mega 0.4, atafungua kurasa 250. Habari ni ile ile, maneno ni yale yale. Tofauti ni picha kubwa, maandishi yanayorukaruka na vitufe vya mapambo. Mtu akishaona kwamba tovuti yako inakula mega zake, hatarudi, hata kama unaandika ukweli mtupu.

Kila kiongezo ni mlango

Mzigo wa pili hauonekani kabisa mpaka siku ya balaa. Kila kiongezo kimeandikwa na mtu, na mtu anakosea. Mwezi wa Septemba 2020 ufa ulionekana ndani ya kiongezo kinachoitwa File Manager, kilichokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Kupitia ufa huo, mtu asiye na neno la siri aliweza kuingiza programu yake mbaya ndani ya tovuti ya mwingine. Kazi ya kiongezo hicho ilikuwa kuhamisha mafaili, jambo ambalo mwenye tovuti anaweza kulifanya kwa njia zingine.

Mwaka wa 2017 ilitokea namna ingine. Kiongezo Display Widgets, chenye kutumiwa na tovuti karibu 200,000, kiliuzwa kwa mwenye mpya. Huyo akaweka ndani yake mlango wa siri wa kupitishia matangazo ya uongo. Waliokipachika walikuwa wamekiamini kwa sababu mwenye wa kwanza alikuwa mwaminifu. Kiliondolewa kwenye orodha rasmi, lakini kuondolewa kwenye orodha hakukifuti kwenye tovuti yako. Unakifuta wewe mwenyewe.

Kwa hiyo swali si « kiongezo hiki ni kizuri? ». Swali ni: « bila hiki, tovuti yangu itakufa? » Kwa swali hilo, vinabaki vinne.

Cha kwanza: nakala

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kiongezo cha kuanza nacho ni kile kinachotoa nakala ya tovuti nzima, maandishi na picha, na kuipeleka mahali pengine. UpdraftPlus inafanya hivyo bila malipo na inaweza kupeleka nakala Google Drive ao Dropbox. Kupanga kila wiki kunatosha kwa tovuti inayoandikwa mara mbili tatu kwa wiki.

Nakala isikae kwenye kompyuta ile ile ya kampuni yenye tovuti. Kampuni ikianguka, ao usipolipa kwa wakati, vyote vinapotea pamoja. Na moja ukae nayo mkononi, kwenye klefu ya USB, kila mwezi. Hapa kwetu sababu inajulikana: tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mote, ikarudi baada ya karibu siku 20. Wakati kama huo, nakala iliyo mbali huwezi kuigusa.

Halafu jaribu kuirudisha angalau mara moja, kwenye tovuti ya majaribio. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu.

Cha pili: kufuli

Programu za wezi zinazunguka intaneti mchana na usiku zikijaribu maneno ya siri. Haziangalii kama tovuti ni ya Paris ao ya Kamanyola. Unahitaji kiongezo kimoja cha ulinzi, si vitatu, juu viwili vya kazi moja vinagombana. Limit Login Attempts Reloaded ni chepesi: mtu akikosea neno la siri mara kadhaa, anafungiwa nje kwa muda. Wordfence inafanya zaidi, inachunguza pia mafaili, na inaweza kudai nambari ya pili kutoka kwenye simu yako kabla ya kuingia. Lakini ni nzito zaidi kwa nafasi ndogo ya bei rahisi.

Kufuli haifai kitu kama neno la siri ni jina la mtoto wako. Na usitumie « admin » kuwa jina la kuingilia. Njo la kwanza wanalojaribu. Ile alama ya kufuli inayoonekana mbele ya jina la tovuti haihitaji kiongezo: tangu mwisho wa mwaka 2015 Let's Encrypt inaitoa bure, na kampuni nyingi zinaiweka zenyewe. Uliza kabla ya kulipa.

Cha tatu: wepesi

Kwa kawaida, kila msomaji anapofika, WordPress inapika ukurasa upya. Kiongezo kama WP Super Cache kinaupika mara moja, kinauweka tayari, na wote wanaofuata wanapewa huo huo. Kompyuta ya bei rahisi inapumua, na ukurasa unafika haraka hata mtandao ukiwa dhaifu.

Picha ni kazi ya mkono wako. Picha ya simu mara nyingi iko na mega 3 ao 4. Ipunguze kwenye simu kabla ya kuituma, hadi upana wa pikseli 1,200. Utaokoa mega zako za kutuma na za msomaji za kupokea.

Cha nne: ungo

Ukiruhusu wasomaji kuandika maoni, ndani ya siku chache utapokea matangazo ya dawa na kamari kwa lugha usizozijua. Akismet, iliyoanza mwaka 2005, inakuja pamoja na WordPress, lakini tovuti ya biashara inapaswa kuilipia. Antispam Bee ni ya bure kwa wote na haidai kujiandikisha. Na kama huna mtu wa kusoma maoni kila siku, yafunge. Hapo viongezo vinne vinakuwa vitatu.

Kile kinachostahili kufikiriwa kwa nafasi ya tano ni cha lugha. Anayeandika Kifaransa na Kiswahili anaweza kutumia Polylang, inayounganisha habari moja katika lugha zake mbili. Lakini ukiwa unaandika kwa lugha moja tu, acha.

Vile ambavyo tayari unavyo

Watu wengi wanapachika viongezo kwa kazi ambazo WordPress inafanya yenyewe. Tangu Agosti 2020, toleo 5.5 linachelewesha picha mpaka msomaji azifikie, linaandaa ramani ya tovuti kwa ajili ya Google, na linakuachia uruhusu viongezo vijirekebishe vyenyewe. Ruhusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata UpdraftPlus tuliyoisifu ilipata ufa Februari 2022. Waliokuwa wameruhusu marekebisho walizibwa bila kuguswa.

Hello Dolly, inayokuja na WordPress, inaonyesha mistari ya wimbo juu ya ukurasa wa kazi yako basi. Ifute. Na kiongezo ulichokizima bila kukifuta bado faili zake ziko mle ndani. Kuzima si kufuta.

Fomu na majina ya watu

Kiongezo kimoja kinapendwa sana: fomu ya mawasiliano. Msomaji anaandika jina, simu, kijiji na habari yake. Mahali pengine hilo ni jambo dogo. Kamanyola si mahali pengine. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi hapa, na tangu hapo bonde limeona watu wengi wenye silaha wakipita. Anayekuletea habari ya namna hiyo anakukabidhi maisha yake, na viongezo vingi vya fomu vinahifadhi kila neno ndani ya tovuti. Anayevunja mlango anakuta orodha.

Sheria ya kidijitali ya nchi, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari binafsi za watu. Lakini hata bila sheria, kanuni ni rahisi: usiombe kile ambacho huwezi kukilinda. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa chini ya ukurasa inatosha kwa mambo ya kawaida. Mambo mazito yazungumzwe ana kwa ana. Na kumbuka kwamba klefu ile ya nakala nayo inabeba kila kitu kilicho ndani ya tovuti, isilale mezani.

Kabla ya kubonyeza

Kwenye ukurasa wa kila kiongezo kuna mambo matatu ya kusoma: kilirekebishwa lini mara ya mwisho, kimejaribiwa na toleo gani la WordPress, na watu wanaolalamika wanajibiwa ao hapana. Kama kimekaa mwaka mzima bila kuguswa, pita. Kama ni kiongezo cha kulipia ambacho rafiki amekutumia bure kwa WhatsApp, usikiguse kabisa. Mara nyingi kilichofunguliwa namna hiyo kimetiwa kitu ndani.

Pachika kimoja kimoja. Kisha toka kwenye mtandao mzuri, chukua simu ya bei ndogo, fungua tovuti yako ukiwa sokoni na uhesabu sekunde. Zikizidi kumi, kile ulichoongeza mwisho ndicho cha kuondoa kwanza.