Nafasi za Utafiti Baada ya Uzamivu (Sehemu ya Pili): Mtafute Mtu, Si Chuo

Sehemu ya kwanza ilihusu nafasi zinazotangazwa na profesa aliyekwisha kupata fedha za mradi. Leo tuangalie njia ambayo wasomi wetu wengi hawaijaribu: mtafiti kuomba ufadhili kwa wazo lake mwenyewe, kisha kwenda nao chuo anachokitaka.

Mfano ni Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani. Hauna mgawo wa nchi wala wa fani. Mwanaisimu na mwanakemia wote hupimwa kwa ubora wa kazi. Aliyehitimu uzamivu ndani ya miaka 4 anaweza kuomba miezi 6 hadi 24, na maombi hupokelewa wakati wowote. Sharti gumu ni moja: mtafiti aliyeko Ujerumani akubali kwa maandishi kuwa mwenyeji wako.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu wamechagua chuo kwa jina lake. Mwenyeji yumo tayari katika marejeo ya tasnifu yako. Mwandikie yule uliyemnukuu kila sura, au hata uliyempinga kwa hoja. Huyo atakusoma kwa makini zaidi. Barua isizidi ukurasa: umegundua nini, unataka kuuliza nini sasa, na kwa nini swali hilo linahitaji maabara yake au maktaba yake. Ambatisha wasifu na chapisho moja, lile bora. Sifa kwa profesa zisizidi sentensi moja. Barua ile ile ikitumwa kwa maprofesa ishirini, anwani zote zikionekana, hakuna atakayejibu, na mimi nisingejibu. Wiki tatu zikipita kimya, kumbusha mara moja.

Ianze safari hii tasnifu ikiwa bado kwa watahini. Katika vyuo vyetu daktari mpya hutwishwa vipindi, usahihishaji na kamati za idara, na miaka ile 4 huisha hajaandika hata barua. Humboldt huwapokea pia waliohitimu kabla ya miaka 12 kutimia, ila katika ngazi hiyo machapisho yako hutazamwa kwa jicho kali.

Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, lakini una mtego wake. Ukiwa umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi, hukubaliki. Aliyemaliza uzamivu Ubelgiji juzi na atazame Ureno au Poland.

Afrika Kusini nako kuna nafasi, ila mara nyingi hulipwa kama posho ya ufadhili, si mshahara, hivyo hakuna mchango wa pensheni. Uliza hilo kabla ya kumwandikia mwajiri wako barua ya kuacha kazi. Likizo bila malipo, na vifungo vya waliosomeshwa na mwajiri, tutavichambua katika sehemu ya tatu.