Pori la wote linataka masharti ya wote

Mbona vijiji viwili vinagombana juu ya pori moja la kuwinda? Tutazame mfano wa mbali: jimbo la South Dakota, Marekani.

Kule wanawinda faisani, ndege wa jamaa ya kwale na kuku, asili yake Asia. Kuna mapori yaliyo wazi kwa kila mwenye kibali. Wawindaji wakijaa, ndege wanajificha katika manyasi mazito, nao watu wanaanza kushindania nafasi.

Ndiyo maana sheria yao inasema mambo matatu. Kwanza, upande wa mashariki wa jimbo, hakuna kupiga risasi kabla ya saa nne ya asubuhi. Anayeamka usiku hawatangulii wenzake. Pili, kila mtu majogoo watatu kwa siku, basi. Tatu, jike haguswi, kwa sababu jogoo mmoja anatosha majike wengi. Ukiua jike, umepoteza vifaranga vya mwaka ujao.

Angalieni vizuri: sheria hiyo haiulizi nani ana nguvu. Inagawa saa na hesabu.

Kwetu Kongo, sheria ya uwindaji ilitolewa tarehe 28 Mei 1982. Lakini karatasi peke yake haipatanishi majirani. Wazee wa pande mbili waketi mbele ya chifu kabla ya msimu, wakati hakuna mwenye hasira, wapatane: siku gani, wanyama wangapi, na nini kisiguswe.