Nusu Saa Baada ya Sindano

Wavuvi wa Wesha, bandari iliyo jirani na mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, wanamjua vizuri konyeza. Akikugusa mkono wakati unavuta wavu, ngozi inawaka, inainuka michirizi myekundu, na usiku umelala bado unajikuna. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, kiumbe wa jamaa hiyo ndiye aliyewafungulia wataalamu mlango wa kujua kwa nini mtu aliyechanjwa huombwa asiondoke haraka kituoni.

Mwaka 1901 Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco, alikuwa safarini Atlantiki katika meli yake ya utafiti. Alifuatana na wataalamu wawili wa Kifaransa, Charles Richet na Paul Portier, akawahimiza wachunguze sumu ya yule jamaa wa konyeza anayeelea juu ya maji kwa puto lake la buluu. Waliporudi Ufaransa waliendelea na kazi kwa sumu ya viumbe wengine wa bahari, wakiwadunga mbwa kiasi kidogo kidogo. Walidhani kwamba mwili ukionjeshwa sumu utaizoea, kisha utajikinga nayo. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune alidungwa dozi ndogo na hakuumwa. Siku 22 baadaye, akiwa mzima kabisa, akadungwa kiasi kile kile. Sekunde chache tu akaanza kuhema kwa shida, akatapika damu, na baada ya dakika 25 akafa. Dozi ya kwanza ndiyo iliyomwandalia kifo cha dozi ya pili. Richet aliliita jambo hilo anafilaksia, kwa maana ya kinyume cha kinga, na mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa Kiswahili tunaliita mshtuko wa mzio.

Chanzo cha mshtuko huo kinawahusu Wapemba kwa namna ya pekee. Katika miaka ya 1960 wataalamu waligundua kingamwili ya aina ya E. Kingamwili hii hujibandika juu ya seli za masti, ambazo zimejaa kwenye ngozi, njia za hewa na utumbo, kila moja imebeba shehena ya histamini na kemikali nyingine. Siku kingamwili inapokutana tena na kitu inachokitambua, seli hizo humwaga mzigo wote kwa mpigo. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, presha inashuka, koo linavimba, kifua kinabana. Mwili umebeba silaha kali hivi ya nini? Jibu linalokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba iliundwa kwa ajili ya kupigana na minyoo.

Na minyoo ndiyo iliyoifanya Pemba ijulikane katika sayansi ya dunia. Pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Kichocho, safura na michango ya watoto wa skuli ndiyo kazi iliyoijenga. Mwaka huo huo wa 2000, utafiti uliofanywa Gabon ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho walikuwa na mzio mdogo wa vijidudu vya vumbi, kwa kipimo cha ngozi, kuliko watoto wasio nacho. Kumbe minyoo hiyo inayouzoesha mwili kutengeneza kingamwili ya mzio inaweza pia kuituliza. Ndiyo maana nasema hesabu za mzio zilizopigwa Ulaya na Marekani zisichukuliwe kwamba zinatosha kwa Pemba. Kisiwa kinahitaji daftari lake.

Daftari hilo linaanzia kwa muuguzi wa kituo cha afya cha shehia. Tuseme msichana ameanguka dakika tatu baada ya sindano. Mara nyingi amezimia kwa hofu tu. Uso umepauka, jasho la baridi linamtoka, moyo unapiga polepole; akilazwa na miguu ikainuliwa, baada ya muda mfupi anazinduka na kuona haya. Katika chanjo za skulini, kama ile ya saratani ya mlango wa kizazi ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana mwaka 2018, foleni yenyewe inaweza kuambukiza hofu, akianguka mmoja wakamfuata wengine. Kwenye mshtuko wa mzio dalili ni nyingine. Moyo unakwenda mbio na mapigo ni dhaifu, ngozi inaumuka vipele vinavyowasha, midomo na kope zinavimba, sauti inakwaruza, kifua kinapiga filimbi, pengine na kutapika. Hapo hapana muda wa kushauriana. Ni adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, nusu miligramu kwa mtu mzima na kwa mtoto kulingana na uzito wake, na kurudia baada ya dakika tano hali isipobadilika. Mgonjwa asisimamishwe. Vidonge vya mzio vinapunguza mwasho, lakini haviwezi kumfungulia mtu koo wala kumpandishia presha. Kutoka shehia ya mbali hadi Hospitali ya Chake Chake, au Abdalla Mzee kule Mkoani, ni safari. Kwa hiyo ampuli ya adrenalini iwe mezani pamoja na chanjo, haijaisha muda wake, na kila anayechanja ajue namna ya kuitumia. Kituo kisicho na ampuli hiyo, kwa maoni yangu, hakijawa tayari kuchanja.

Tatizo ni kwamba muuguzi anaweza kufika hadi kustaafu bila kuuona mshtuko huu. Nchini Marekani watafiti walifuatilia dozi zaidi ya milioni 25 za chanjo mbalimbali na kupata wagonjwa 33, yaani kama 1.3 kwa kila dozi milioni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 543,000 Pemba. Tungechanja kila mtu kisiwani dozi moja, kwa kiwango hicho pengine tusimpate hata mgonjwa mmoja.

Hapa ndipo tarakimu zinapoweza kudanganya. Mwanzoni mwa 2009 Zanzibar iliendesha chanjo ya kipindupindu ya kunywa, katika maeneo ya Unguja na Pemba. Watu 48,178 walipewa nafasi, na 23,921 wakamaliza dozi zote mbili. Ilikuwa kazi kubwa yenye matokeo mazuri, kwani waliochanjwa walipata kinga ya asilimia 79. Hata hivyo, kwa kanuni ya takwimu, ukichanja watu 24,000 na usione tukio fulani hata mara moja, unachoweza kusema ni kwamba huenda halizidi moja katika kila watu 8,000. Jambo linalompata mmoja katika milioni haliwezi kuonekana hapo. Kilichonivutia zaidi katika kampeni ile ni kwamba baadhi ya waliokunywa walikuwa wajawazito bila kujua, au walishika mimba muda mfupi baadaye. Watafiti hawakulipuuza. Waliwafuatilia wanawake hao, karibu 200, wakawalinganisha na wajawazito ambao hawakunywa, na hawakupata ushahidi wa madhara kwa mimba wala kwa watoto. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu kulikuwa na rejista na watu wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

Ufuatiliaji unaweza hata kuibadilisha chanjo yenyewe. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Japani waliona watoto wakipata mzio baada ya chanjo, zikiwemo za surua. Walipochunguza, waligundua mkosaji ni jelatini iliyowekwa kama kiimarishi. Jelatini ilipoondolewa au kubadilishwa, taarifa za mzio zikapungua sana. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer ilipoanza Marekani mwishoni mwa 2020, wagonjwa 21 wa mshtuko wa mzio walipatikana katika dozi za kwanza karibu milioni 1.9. Wengi wao, asilimia 71, waliugua ndani ya robo saa, na hakuna aliyekufa. Takwimu za namna hiyo ndizo zinazoupa nguvu ushauri wa kukaa benchini.

Lakini si kila baya linalofuata chanjo ni mzio. Mei 2017, karibu na Kapoeta, Sudan Kusini, watoto 15 walikufa baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi ulionyesha kwamba sindano ile ile ilitumika siku nne mfululizo na dawa haikuwekwa kwenye ubaridi. Chanjo haikuwa na kosa, walikosea wanadamu. Bila uchunguzi, lawama ingeiangukia chanjo, na surua ingeua wengine wengi.

Ndiyo maana fomu ya kuripoti madhara yanayofuata chanjo ni muhimu kama ampuli. Inatoka kituoni, inapita wilayani, inafika Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na taarifa inaweza kuendelea hadi Uppsala, Sweden, katika hazina ya dunia ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Tanzania imejiunga nayo tangu 1993. Fomu isiyojazwa inafanana kabisa na chanjo isiyo na tatizo, na hilo ndilo linalonitia hofu. Muuguzi anayeandika taarifa apongezwe. Akigombezwa kana kwamba ameleta fitina, safari nyingine atanyamaza.

Nawe msomaji, ukienda kuchanjwa au ukimpeleka mtoto, sema mapema kama kamba, mayai, penisilini au chanjo iliyopita viliwahi kukuvimbisha uso au kukubana kifua. Ukishachanjwa, kaa benchini robo saa. Kama una historia hiyo, kaa nusu saa kamili. Na jambo likikupata ukiwa umekwisha kufika nyumbani, rudi kituoni ukatibiwe, wala usiondoke kabla halijaandikwa.