WAKILI MBELE YA WAZEE WA BARAZA

Mkulima wa Makurunge anapofikishwa barazani kwa shauri la shamba, mara nyingi hana hati ya kuonyesha. Alicho nacho ni mwembe, kisima na makaburi ya wazee wake. Atashinda au atashindwa kwa jinsi mambo hayo yatakavyoelezwa, na ndiyo maana leo tunapenda kusema na mawakili.

Wasomaji wetu wa visiwani wanaifahamu ardhi hiyo iliyo baina ya mto Ruvu na mto Wami. Huko ndiko ilikokuwa ranchi ya RAZABA, mali ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ranchi ilikufa, watu wakalima. Mwaka 2013 sehemu kubwa ikamilikishwa kampuni ya EcoEnergy kwa ajili ya miwa, na mradi ule haukutimia. Nani alimkuta nani? Ramani peke yake haiwezi kujibu.

Katika Marekani wakili huwahoji wananchi walioitwa kuunda jopo la kuamua kesi, akawakataa baadhi yao. Kwetu hakuna jopo. Kuna wazee wa baraza. Sheria ya ardhi ya mwaka 2002 iliagiza mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akae na wazee wasiopungua wawili, nao watoe maoni yao kabla ya hukumu. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, ila akiyakataa hana budi kutaja sababu. Tangu mwaka 2021, Mabaraza ya Kata yalipobakiziwa kazi ya kusuluhisha tu, uzito wa wazee hawa wa wilaya umezidi.

Hata hivyo wako mawakili wanaowaona kama mapambo. Humgeukia mwenyekiti peke yake na kumwaga Kiingereza cha vitabuni, huku wazee wakitazama dari. Wakili wa namna hiyo hamsaidii mteja wake.

Kwanza, aulize mapema, na kwa adabu, kama yupo mzee mwenye udugu au shamba katika mgogoro. Pwani hii kila mtu ni mjomba wa mwenzake, kwa hiyo pingamizi litolewe siku ya kwanza, si baada ya kushindwa. Lakini asimkatae mzee kwa kuwa ni mwenyeji tu. Huyo ndiye ajuaye kutofautisha pori na shamba lililolazwa.

Pili, shahidi asiulizwe tarehe asizozijua. Aulizwe nani aliupanda mwembe, nani alizikwa pale, mafuriko yapi yaliwakuta. Kisha wakili aombe baraza zima likaone eneo lenyewe.

Tatu, na hapa ndipo wengi hujikwaa, ahakikishe maoni ya wazee yamesomwa mbele ya wadaawa na kuingizwa katika kumbukumbu. Mahakama ya Rufani imefuta hukumu kadhaa kwa kasoro hiyo. Shauri huanza upya, na shahidi aliyeukumbuka mwembe ukiwa mche huenda amekwisha kufariki.

Mwaka 2022 sheria iliacha kulazimisha wazee wa baraza katika kesi za jinai za Mahakama Kuu. Hatulaumu, kesi nyingi za mauaji zilikuwa zikibatilika kwa makosa ya utaratibu. Ila katika mashauri ya ardhi tungesikitika kuona mkondo huo ukifuatwa.

Maafisa wanaohusika nao tunawaomba jambo dogo: siku ya kukagua shamba, mashahidi wazee wapelekwe kwa gari.