Injini Iliyofungwa Kupita Kiasi

Baadhi ya wenye magari madogo ya Kijapani yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Toyota IST, Vitz na Corolla, hupenda kuongeza katika injini kifaa kinachofanana na shokapu ndogo, ambacho ncha yake moja hukazwa kwenye injini na ya pili kwenye bodi, kwa nia ya kuizuia injini isiyumbe mguu unapokanyaga mafuta au gia inapobadilika. Mafundi hukiita dampa ya injini, na kwa kazi hiyo ambayo kilinunuliwa kuifanya, aghalabu hakimwangushi mwenye gari: mshtuko wa kuondoka hupungua, gia huingia bila kishindo, na gari huitikia mguu upesi zaidi. Lakini pamoja na faida hiyo, tena mara nyingi siku ile ile, huingia ndani ya gari mvumo mzito ambao haukuwapo, usukani ukaanza kutetema gari lisimamapo penye taa za barabarani, na dashibodi ikatoa sauti nyembamba za plastiki zigonganazo. Hapo mwenye gari hudhani kwamba ameuziwa kifaa kibovu, au kwamba fundi hakukaza bolti sawasawa.

Yamkini mojawapo ya dhana hizo ikawa kweli, ila katika hali nyingi kifaa ni kizima na bolti zimekazwa kama ipasavyo. Sauti hiyo ilikuwamo injinini tangu gari lilipotoka kiwandani, na kazi kubwa ya wahandisi waliolibuni gari ilikuwa kuinyima njia ya kufika masikioni mwa abiria; dampa imeifungulia njia hiyo.

Ili jambo hili lieleweke, natutazame asili ya mtetemo wenyewe. Injini iliyomo katika IST nyingi, ile iitwayo 1NZ-FE, ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1497, na kwa kuwa kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, injini nzima hupata mapigo mawili ya moto kwa kila mzunguko. Gari likiwa limesimama, injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, mapigo hayo ni 25 kwa kila sekunde. Fauka ya hayo, ijapokuwa pistoni mbili hupanda wakati mbili nyingine zikishuka, mizani yao haikamiliki, kwani urefu wa konrodi huifanya pistoni iende mbio zaidi katika nusu ya juu ya mwendo wake kuliko katika nusu ya chini, na tofauti hiyo huacha nguvu isiyo na mpinzani, ambayo huitikisa injini juu na chini mara mbili kwa kila mzunguko. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata dawa yake mnamo mwaka 1904, nayo ni fito mbili zenye uzito wa upande mmoja, zizungukazo kwa kukabiliana na kwa kasi maradufu ya krenki; na Mitsubishi wakaifufua dawa hiyo katika miaka ya 1970. Injini ya IST haina fito hizo, kama zilivyo injini nyingi ndogo, kwa sababu zinaongeza gharama na uzito, na kwa hiyo amana yote ya utulivu imewekwa juu ya maunti, yaani ile mipira iliyogandishwa kwenye vyuma, inayoibeba injini na giaboksi.

Maunti hizo zimepewa kazi mbili zinazopingana, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika gari ambalo injini yake imelazwa kwa upana, nguvu ya kuzungusha inayopelekwa kwenye magurudumu huisukuma injini yenyewe irudi kinyume, na nguvu hiyo si haba: nyutoni mita 140 za injini, zikizidishwa yapata mara 12 na gia ya kwanza pamoja na difu, huzidi 1600, na zote sharti zizuiwe na maunti. Kwa kazi hiyo maunti ingefaa iwe ngumu. Lakini kwa kazi ya kuuzuia mtetemo usipite, ingefaa iwe laini, tena laini sana.

Magari ya mwanzo hayakuwa na taabu ya kuchagua, maana injini zilikazwa moja kwa moja kwenye chesisi na abiria wakatikisika nazo. Mwaka 1931 Plymouth, tawi la Chrysler la Marekani, walitoa gari ambalo injini yake ya silinda nne ilibebwa juu ya mipira iliyopangwa ili iweze kuyumba kwa kufuata mhimili wake wa asili, unaopita katika kitovu cha uzito wake, badala ya kulazimishwa kuufuata mhimili uliochaguliwa na mchoraji. Citroën wa Ufaransa walinunua haki ya kuutumia utaratibu huo, wakaona fahari juu yake hata wakaweka kwenye magari yao nembo ya bata maji mweupe anayeelea. Tangu wakati huo injini za magari ya abiria zimeachwa zicheze kidogo kwa makusudi, na anayeifungua boneti akaiona injini ikitikisika juu ya mipira yake asidhani kwamba anaona kasoro.

Kanuni inayotawala jambo hili ni nyepesi, ingawa matokeo yake huwashangaza wengi. Kila uzito uliowekwa juu ya kitu chenye kunepa una kasi yake ya asili ya kutetema. Injini juu ya maunti zake, tuseme mara 10 kwa sekunde. Mtikiso ujao kwa kasi iliyo karibu na hiyo hukuzwa, lakini ujao kwa kasi inayozidi yapata mara 1.4 ya hiyo hupunguzwa, na kadiri unavyozidi kuwa wa kasi ndivyo unavyozidi kupunguzwa. Kwa hesabu, mapigo 25 ya injini ya gari lililosimama hufika kwenye bodi yakiwa chini kidogo ya khumsi moja ya nguvu yake. Sasa ongeza ugumu wa maunti maradufu, jambo linaloweza kutokea dampa ikifungwa ikiwa imekwisha kubanwa kati ya injini na bodi, na kasi ya asili itapanda hadi 14, na sehemu ipitayo itakuwa karibu nusu. Usukani lazima uhisi.

Lakini hata dampa iliyofungwa kwa urefu wake sahihi, isiyoongeza ugumu wowote injini ikiwa imetulia, bado hupitisha sauti, na sababu yake iko katika tabia ya shokapu yoyote. Mpiga kasia anajua kwamba maji humwachia kasia akilivuta polepole na humpinga akilivuta kwa ghafla. Mafuta yaliyomo ndani ya dampa nayo hupinga kwa kadiri ya kasi ya mwendo, hata mtikiso mdogo ulio wa haraka ukakuta mbele yake kitu kinachokaribia kuwa chuma kitupu. Mtikiso mkubwa wa polepole, ule wa kuondoka na wa kubadilisha gia, hutulizwa vizuri. Mtetemo mdogo wa kasi hupita. Tukichukua dampa yenye nusu ya nguvu inayotosha kuikomesha injini isirudie kuyumba hata mara moja, na injini ikazunguka kidogo zaidi ya mara 2000 kwa dakika, hesabu inaonyesha kwamba mtetemo unaofika kwenye bodi ni karibu mara saba ya ule ambao ungefika kupitia mipira peke yake.

Kasi hiyo ya 2000 sikuitaja kwa bahati. Hewa iliyomo ndani ya gari nayo ina kasi yake ya asili, inayotokana na urefu wa chumba: ikiwa kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma ni mita mbili na nusu, na sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, basi hewa hiyo huitikia zaidi mtetemo wa mara 68 kwa sekunde, na injini ya silinda nne hutoa mtetemo huo huo inapozunguka mara 2040 kwa dakika, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya gari linaloendeshwa mjini kwa mwendo wa taratibu. Mvumo wa namna hii una alama yake ya kuutambua, nayo ni kwamba huzidi karibu na vioo vya mbele na vya nyuma na hufifia katikati ya chumba. Abiria aliyeketi mbele akisogeza kichwa polepole kuelekea nyuma, akausikia ukipungua, basi ameupata.

Watengenezaji wa magari walikwisha kuona zamani kwamba kutuliza na kutenganisha ni kazi mbili zinazopingana, na jawabu lao ni maunti yenye majimaji ndani, iliyogawanywa vyumba viwili kwa mfereji mwembamba na utando ulegeao. Injini ikiyumba kwa milimita nzima, majimaji hulazimika kupita mferejini na kuyumba kunatulizwa. Ikitetema kwa sehemu ya kumi ya milimita, utando peke yake hucheza, wala majimaji hayaingii kazini. Mimi naihesabu maunti hiyo kuwa miongoni mwa vitu vilivyofikiriwa vizuri kabisa katika gari la kawaida, nami huhuzunika kuona ikitupwa na badala yake kuwekwa mpira mgumu wa poliyurethani, eti kwa kuwa hudumu. Dampa ya kuongeza haina upambanuzi huo. Hupinga vyote viwili.

Yapo makosa ya ufungaji ambayo huizidisha kelele, na haya yanatibika. Kishikizo cha upande wa bodi kikifungwa pale juu ambapo shokapu ya mbele inashikwa, kinapata chuma kinene kilichokusudiwa kubeba gurudumu. Kikifungwa kwenye bati jembamba la ubavuni au la mbele ya rejeta, bati hilo huitikia mtetemo na kuueneza. Urefu wa dampa sharti urekebishwe injini ikiwa imezimwa na gari likiwa mahali palipo sawa, hata bolti ya mwisho iingie kwa mkono bila kusukumwa wala kuvutwa. Vishikizo vyenye viungo vya chuma kwa chuma hufaa magari ya mashindano. Kwa gari la familia vinatakiwa viungo vya mpira. Tena mtu asisahau kulijaribu gari likiwa kwenye D, breki imekanyagwa na kiyoyozi kinafanya kazi, kwa kuwa hapo ndipo injini huegemea upande, na dampa iliyoonekana huru ikiwa kwenye N huenda ikawa imekwisha kubanwa.

Kujua kama dampa ndiyo chanzo hakuhitaji chombo chochote cha ghali. Ifunguliwe ncha moja, iondolewe kabisa ili isining'inie na kugonga, kisha gari lipitishwe barabara ile ile kwa kasi ile ile ya injini. Mvumo ukitoweka, dampa ndiyo njia yake. Ukibaki, itafutwe maunti iliyokufa, au bomba la sailensa linalogusa bodi.

Na hapa kuna shauri ambalo ningependa liwafikie mafundi na wateja kwa pamoja. Katika magari yaliyotufikia yakiwa yamekwisha kutumika miaka kumi au zaidi, kuyumba kwa injini kunakomfanya mwenye gari atamani dampa aghalabu ni dalili ya maunti iliyochakaa: mpira umepasuka kwa joto, au umelainishwa na mafuta yanayovuja kutoka juu yake, au majimaji yake yamekwisha kumwagika na kuacha doa jeusi. Injini iliyokaa juu ya maunti kama hiyo huwa imelala chini ya mahali pake, chuma kikigusa chuma, na dampa ikiongezwa hapo mtetemo hupata njia ya pili ilhali ya kwanza haijazibwa. Maunti zikaguliwe kwanza, zibadilishwe zilizokufa, gari liendeshwe kwa majuma kadhaa ili mipira mipya ikae mahali pake, ndipo mwenyewe aamue kama bado anaitaka dampa.