Redio yako inasikiliza wapi, na inasema wapi?

Ndugu mfanyakazi, tuseme wewe ni shofere wa kamyo katika kariere ya mawe ya chokaa ya Kakontwe, huko Likasi. Ni karibu saa sita ya mchana. Redio ya mkono, ile ambayo wengi wetu tunaiita motorola, inaning'inia kwenye mshipi wako. Tangu asubuhi inasema: mara kapita wa kamyo, mara atelye, mara watu wa mashini ya kuvunja mawe. Wewe unasema moyoni: «Redio yangu inasikia yote.» Kisha sirena inalia. Wenzako wamekwisha kuondoka kwenye ngazi ya chini, wewe peke yako umebaki. Waliitwa kwa redio dakika chache mbele. Redio yako haikuharibika. Ilikuwa inasikiliza mahali pengine.

Namna gani inawezekana? Sharti tufungue kidogo redio hiyo, si kwa bisibisi, bali kwa akili.

Kumbukumbu ya redio ni kama safu ya visanduku vyenye namba. Ndani ya kila kisanduku fundi wa redio ameandika masafa fulani, maana yake njia moja ya mawimbi. Kisanduku cha 1 ni cha kamyo, cha 2 cha atelye, cha 3 cha mashini, cha 4 cha baruti. Huu ni mfano tu, uliza ya kwako. Redio hailijui neno «baruti». Inajua namba. Katika miaka ya 1970 redio nyingi za kusaka zilidai kipande cha kristali kwa kila chaneli, na aliyetaka chaneli mpya alinunua kristali mpya. Leo fundi anaandika masafa kwa vifungo au kwa ordinateri, na visanduku vinaweza kufika mamia. Ni vizuri, lakini kosa la kuandika halionekani tena kwa macho.

Tufike sasa kwenye kusaka, kazi ambayo kwenye redio nyingi imeandikwa «scan». Ukiiwasha, redio inapita kisanduku kimoja kimoja, upesi sana. Ikikuta mtu anasema, inasimama hapo. Akinyamaza, inangoja kidogo, mara nyingi kama sekunde mbili, ili usikie jibu la mwenzake. Kisha inaendelea. Angalia vizuri: inasikia mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Watu wawili wa atelye wakibishana juu ya pampu ya mafuta kwa dakika nzima, redio yako imekaa nao dakika nzima, na mpiga-baruti anayeita kwenye chaneli ya 4 anaita bure. Hiyo ndiyo habari ya shofere wetu.

Dawa yake ipo, ni chaneli ya kwanza kwa heshima, inayoitwa «priority». Ukiiweka kwenye chaneli ya baruti, redio inaiacha atelye kila baada ya muda mfupi, kama sekunde mbili hivi, inachungulia huko, na ikikuta sauti inahamia. Utasikia maneno ya atelye yakikatika-katika. Usikasirike, ndivyo inavyofanya kazi. Pengine fundi peke yake ndiye anaweza kuipanga; basi mwombe.

Kuna pia kifungo cha kuruka chaneli. Chaneli yenye kelele unaitoa kwenye msako, redio inaipita bila kusimama. Kwenye redio nyingi chaneli iliyotolewa kwa muda inarudi ukizima na kuwasha. Iliyotolewa kabisa hairudi. Yule aliyeshika redio usiku pengine ametoa chaneli ya 4 kwa kidole kizito, na wewe asubuhi hujui lolote. Tazama kioo, au omba mtu akuite kwenye kila chaneli ya lazima kabla hujashuka.

Kifungo cha kuzima mvumo, «squelch», watu wengi wanakizungusha vibaya. Kizungushe mpaka ule mvumo wa «shhh» ukome, na hapo simama. Ukizidisha, umefunga mlango pia kwa sauti dhaifu. Na chini ya kariere sauti ni dhaifu: mawimbi ya redio hizi yanapenda njia iliyo wazi, nayo kuta za mawe zinayazuia. Simamisha antena wima, usiibane chini ya kiti.

Mpaka hapa tumesema juu ya kusikia. Kusema ni jambo lingine, na hapo ndipo watu wanajidanganya zaidi. Skana, yaani redio ya kusikiliza tu, haina kifungo cha kusemea. Motorola yako inacho. Msako ukisimama kwenye chaneli ya 2 nawe ukabonyeza kusema, maneno yako yanakwenda wapi? Kwenye redio nyingine yanakwenda chaneli ya 2, kujibu yule uliyemsikia. Kwenye nyingine yanarudi kwenye chaneli iliyoonyeshwa na kifungo cha juu. Ni fundi aliyepanga hivyo, na redio mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana. Ukipiga kelele «Simamisha, kuna mtu huku!» ni lazima ujue nani anakusikia. Kwa hiyo msako uzimwe mara baruti inapoanza kushushwa matunduni, na kifungo kiwekwe kwenye chaneli ya baruti.

Tena kuna hatari ya pili, ambayo si ya masikio. Detonateri za umeme zina nyaya mbili, na ndani uzi mwembamba unaopata moto umeme ukipita. Nyaya zilizotandazwa chini zinaweza kuwa antena. Ukibonyeza kifungo cha kusemea karibu nazo, mawimbi ya redio yako yanaweza kuzaa umeme ndani ya nyaya hizo, na ukitosha, detonateri inalipuka bila mtu kushika mashini ya kulipulia. Nguvu inahesabiwa: ukitoka wati 1 kwenda wati 4, umbali wa hatari unakuwa mara mbili. Redio nyingi za mkono zina wati 4 au 5 kwenye nguvu ya juu. Umbali wenyewe unawekwa na mpiga-baruti kwa kufuata jedwali lake. Si wewe wa kuukisia kwa macho.

«Lakini mimi nitanyamaza tu.» Haitoshi! Redio yenye VOX inarusha mawimbi yenyewe ikisikia sauti, hata ya kukohoa. Kifungo chekundu au cha machungwa cha hatari kinarusha bila wewe kusema neno. Redio za kisasa za dijitali zinaweza kujibu mitambo yake kimya kimya, na simu ya mfukoni inafanya hivyo mara kwa mara. Unapokaribia detonateri za umeme, zima kabisa kabla ya kufika kwenye mpaka uliowekwa. Detonateri za bomba, zisizo za umeme, hazina nyaya za kupokea mawimbi hayo. Lakini wewe shofere utajuaje kwa mbali ni zipi zimewekwa? Fuata mpaka.

Neno la batri, kwa kifupi. Redio za zamani zilipoteza kumbukumbu yote kama batri ndogo ya ndani ilikufa. Nyingi za leo zinatunza visanduku vyao hata bila umeme. Ila batri kubwa ikichoka, redio inaweza kuendelea kusikia vizuri na kushindwa kusema, kwa sababu kurusha mawimbi kunakula umeme mwingi kuliko kupokea. Unamsikia kapita, yeye hakusikii. Basi unapopokea redio kwa mwenzako wa zamu, usiridhike na taa inayowaka. Ita, ungoje ujibiwe, na umuulize aliyejibu amekusikia kwenye chaneli ya ngapi.