Tumbo la punda si la ng'ombe: Tofauti za maumbile ambazo mfugaji wa Taita Taveta hafai kuzipuuza

NI jambo la kawaida katika boma moja viungani mwa mji wa Voi kukuta ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, kuku na mbwa wakiishi pamoja, wakinywa maji ya hodhi moja na kutibiwa kwa dawa zitokazo katika mfuko mmoja.

Hata hivyo, chini ya ngozi wanyama hawa wametofautiana mno. Dawa, sindano au kisu kinachomwokoa mmoja huenda kikawa chanzo cha mauti ya mwingine.

Ndiyo maana mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, kwa mfano katika bewa la Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, hutumia muda mrefu akipasua mizoga ya wanyama mbalimbali na kulinganisha viungo vyao kabla ya kuruhusiwa kumtibu hata mmoja.

Kwa mfugaji wa Kaunti ya Taita Taveta, elimu hii si anasa. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Nyanda za chini zilizosalia, kuanzia Voi na Maungu hadi Kasigau, ni kame na makao yake yametawanyika. Aghalabu mnyama huugua daktari akiwa mbali, na kile mfugaji akifanyacho katika saa hizo za kusubiri ndicho huamua iwapo atapona au atakufa.

Vyumba vinne

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao lina vyumba vinne. Cha kwanza ndicho kikubwa zaidi, na katika ng'ombe mkubwa hubeba zaidi ya lita 100. Humo mna viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo huchachusha majani, na katika kazi hiyo hutoa gesi nyingi ambayo mnyama huitoa kwa kubeuka.

Chumba cha pili ni kile ambacho wapenzi wa matumbo wanakijua kwa umbo lake la sega la nyuki. Cha tatu kina tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Cha nne ndicho kinachofanana na tumbo la binadamu, kwani ndicho kitoacho asidi ya kusaga chakula.

Chumba cha kwanza kimelala upande wa kushoto wa mwili. Kwa hivyo gesi inapokosa njia ya kutoka, ng'ombe au mbuzi huanza kufura upande wa kushoto, katika kile kibonde kilicho kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Hali ikizidi, tumbo hubana mapafu na mnyama hukosa pumzi.

Daktari anapolazimika kutoboa ili kuokoa maisha, hutoboa hapo kushoto. Akitoboa upande wa kulia atakuta utumbo badala ya gesi, na uchafu wake ukimwagika ndani ya mwili huleta uvimbe ambao ni vigumu kuutibu. Hata upande wa kushoto kazi hii ni ya dharura, na ifanywe na aliyefunzwa.

Waya na moyo

Tofauti nyingine imo mdomoni. Mbuzi huchagua jani kwa midomo yake myepesi, lakini ng'ombe huzoa nyasi kwa ulimi na kumeza bila kutafuna sana, akitarajia kucheua baadaye. Msumari au kipande cha waya kikiwa katika nyasi hizo, nacho humezwa.

Chuma hicho, kwa uzito wake, hutua katika chumba cha pili, kile chenye umbo la sega. Chumba hicho kiko mbele kabisa ya tumbo, kikiegemea kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Upande wa pili wa kiwambo hicho kuna moyo, na umbali kati yao ni mdogo sana.

Chumba kinapojikunja, ncha ya waya husukumwa mbele na huweza kupenya hadi kwenye utando wa moyo. Ng'ombe huyo hupunguza kula, husimama amekunja mgongo na kutanua viwiko, na hukataa kuteremka mlima. Baadhi ya wafugaji humdungia dawa za homa ilhali tatizo ni waya.

Hatari ya vitu visivyo chakula huongezeka wakati wa kiangazi. Ukame ulioanza mwaka wa 2020 na kuendelea hadi mapema mwaka wa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, uliwaacha mifugo wengi wakiokota chochote walichokipata. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, lakini plastiki iliyokwisha kumezwa haisagiki. Hujikusanya katika chumba cha kwanza na kumfanya mnyama akonde huku tumbo likionekana kushiba.

Punda hatapiki

Punda, anayevuta mikokoteni ya maji na mizigo, hacheui. Ana tumbo moja dogo, na kazi ya kuchachusha majani hufanyika nyuma kabisa, katika utumbo mpana na mfuko mkubwa unaoanzia hapo. Mfuko huo uko upande wa kulia. Kwa hivyo punda aliyejaa gesi huenda akafura kulia, kinyume cha ng'ombe.

Aidha, mlango wa kuingilia tumbo la punda una msuli wenye nguvu nyingi kiasi kwamba mnyama huyu hawezi kutapika. Mbwa akila kibaya hukitapika mara moja. Punda akivimbiwa na nafaka, hana njia hiyo, na tumbo lake laweza kupasuka. Daktari humsaidia kwa kupitisha mpira puani hadi tumboni.

Vilevile punda hupumua kwa pua pekee. Ng'ombe aliyezibwa pua atapumua kwa mdomo, lakini kamba inayobana mianzi ya pua ya punda ni sawa na kumnyonga. Anayemfunga punda ili apate matibabu hana budi kulikumbuka hilo.

Kibaya zaidi, punda ni mvumilivu wa maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa chini, lakini punda huenda akasimama tu akiwa ameinamisha kichwa na kukataa chakula. Mwenyewe hudhani ni uchovu, kumbe mnyama yu mahututi.

Chakula cha kuku nacho ni hatari kwake. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za jamii ya monensini za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Kuku mwenye firigisi yake huzivumilia kwa kipimo kilichowekwa, bali kiasi hicho hicho huharibu moyo na misuli ya punda.

Ngamia naye ana sheria zake

Ngamia, ambao wameonekana kwa wingi katika ranchi za kaunti hii wakiletwa na wafugaji wanaotafuta malisho, hucheua. Hata hivyo tumbo lao lina vyumba vitatu vinavyotambulika, wala si vinne. Hawana kwato kama za ng'ombe, bali hukanyaga kwa nyayo laini na pana.

Kosa linaloumiza zaidi ni la dawa. Pembezoni mwa Tsavo kuna mbung'o wanaoeneza ugonjwa wa nagana, na wafugaji wengi huweka dawa ya diminazini kwa ajili ya ng'ombe. Dawa hiyo, ambayo ng'ombe huivumilia, huweza kumdhuru ngamia na hata kumuua. Anayehama kutoka ufugaji wa ng'ombe hadi wa ngamia hafai kuhama na sindano ile ile.

Sindano, meno na kondo

Mbuzi ana nyama kidogo kwenye paja, na kando ya mfupa hupita neva kubwa inayoendesha mguu wote wa nyuma. Sindano ikiigusa, mbuzi aliyekuwa na kikohozi hubaki kiwete. Ndiyo sababu madaktari hupendelea msuli wa shingo.

Kuhusu umri, mnunuzi wa ng'ombe au mbuzi huangalia meno ya mbele ya taya la chini, ambayo ni manane, kwani juu hakuna meno ya mbele bali ufizi mgumu. Asiyejua hudhani mnyama ni mzee aliyeng'oka meno. Punda ana meno ya mbele juu na chini.

Wakati wa kuzaa, kondo la ng'ombe hushikamana na mji wa mimba kwa vifundo vingi. Likichelewa kwa saa 12, daktari huanza kufuatilia, na kulivuta kwa nguvu huumiza kizazi. Kwa punda, kondo lililokawia zaidi ya saa 3 tayari ni dharura, kwani sumu yake huenea mwilini upesi na hata kuharibu kwato.

Kwato zenyewe hutoa ushahidi. Ugonjwa wa midomo na kwato, unaobebwa pia na nyati wa Tsavo, huwapata wanyama wenye kwato zilizopasuka kama ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Punda, mwenye kwato moja nzima, hauugui. Punda akichechemea katika kijiji kilichowekewa karantini, sababu itafutwe kwingine.

Nyama sokoni

Elimu hii haimfai mfugaji pekee. Katika kaunti inayopakana na mbuga, ambako wawindaji haramu hutega mitego ya nyaya, mlaji ana haki ya kujua anachouziwa.

Mkaguzi wa nyama hutegemea maumbile. Ng'ombe na mbuzi wana jozi 13 za mbavu ilhali punda ana jozi 18. Ini la ng'ombe na mbuzi lina kifuko cha nyongo, lakini la punda na ngamia halina. Mbwa ana jozi 13 za mbavu sawa na mbuzi, bali ini lake limegawanyika katika vipande vingi vyenye mianya mirefu.

Hii ndiyo sababu nyama inayokuja bila mifupa, bila matumbo na bila muhuri inafaa kutiliwa shaka. Ikishakatwakatwa, ushahidi wa maumbile hupotea na hubaki uchunguzi wa chembechembe za urithi, kama ule unaofanywa katika maabara ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) jijini Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2015.

Hata hivyo, hamu ya kujua isimfanye mfugaji apasue kila mzoga. Mnyama aliyekufa ghafla huku akitokwa na damu isiyoganda puani au kwenye njia ya haja huenda ameuawa na kimeta, ugonjwa unaoua binadamu pia. Mzoga huo usifunguliwe, usiliwe, na ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja.

Kwa mifugo wengine, mambo machache yanatosha kuanzia. Mfugaji atazame ni upande upi umefura, asome lebo ya dawa kuona imeandikiwa mnyama yupi, na anapompigia daktari simu aanze kwa kutaja aina ya mnyama kabla ya kutaja ugonjwa. Jibu la daktari litategemea neno hilo la kwanza.